Upande wa Kulia wa Bao

Baba yangu alikuwa seremala, na bao lililokaa kwenye baraza ya fundi saa, pale Mtendeni, alilichonga mwenyewe kwa mninga uliotoka Usinge. Lilikuwa zito hivi kwamba halikuwahi kuingizwa ndani. Mvua iliponyesha lilifunikwa gunia, mvua ilipokatika gunia likatolewa, na watu wakaendelea pale walipoachia. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti yake wa kwanza, niliyerudi kuishi nyumbani baada ya mama kufariki. Nataka kusimulia jambo nililofanya mwaka ule baba alipougua, na ili lieleweke inabidi kwanza nieleze bao linavyochezwa. Usiwe na wasiwasi. Nitakwenda polepole, na utanifuata hata kama hujawahi kushika kete.

Bao lina safu nne za mashimo, mashimo manane kila safu. Safu mbili ni zako, mbili za mwenzako, na mnakaa mkitazamana. Kete zetu zilikuwa komwe, zile mbegu za kijivu zinazoteleza mkononi. Zamu yako ikifika unatia kete moja katika shimo lako la mbele lenye kete. Kama shimo la mwenzako linalotazamana nalo lina kete pia, umekula: unazichukua zote na kuzisambaza upande wako, moja moja. Anayebaki bila kete safu ya mbele ameshindwa. Halafu kuna shimo moja, kubwa kuliko mengine, linaitwa nyumba. Nyumba ndiyo ghala lako. Iko kulia kwako kidogo kutoka katikati. Ya mwenzako nayo iko kulia kwake, kwa hiyo wewe unaiona kushoto. Kumbuka hilo la nyumba tu. Mengine yote unaweza kuyasahau.

Baba alikuwa hahesabu. Namaanisha hakuhitaji kuhesabu. Alitupa jicho mara moja kwenye shimo akajua kuna saba, na kwamba saba hizo zitakwenda kulala wapi. Watu walimwogopa kwa hilo. Desturi ya baraza yetu ilikuwa nyepesi: anayeshindwa huinuka, anayeshinda hukaa, na mwenye zamu huketi mahali pa aliyeinuka. Zipo siku baba aliketi baada ya sala ya alasiri asiinuke mpaka adhana ya magharibi.

Mtu aliyeweza kumwinua alikuwa mmoja, naye ni fundi saa mwenyewe. Alikuja Tabora kijana kwa treni kutoka pwani, Mzaramo, akafungua kiduka chake cha saa, akaoa na hakurudi tena kwao. Sisi ni Wanyamwezi, na Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Wazee husema utani huo ni wa zamani za misafara, wapagazi wetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo na kulala katika vijiji vya Wazaramo. Kama hujakulia katika utani, huenda usielewe uzito wake. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, na ukikasirika, aibu ni yako. Hata msibani mtani huja na kejeli. Huzuia jeneza njiani, huwaambia wafiwa kwamba marehemu alikuwa mchoyo na sasa ndiyo amepata nafasi ya kulala, na wafiwa hucheka huku wanalia. Ni heshima hiyo. Mtani anasema kwamba marehemu alikuwa mtu kweli, na mtu kweli ana mabaya yake.

Basi baba na fundi saa walicheza bao hivyo kwa miaka ishirini.

"Mpagazi, mzigo umekuelemea. Tua," fundi saa alikuwa akisema.

"Babu yangu aliubeba mpaka kwenu, akawakuta babu zako wamelala, jua liko utosini."

"Walikuwa wanamsubiri alete asali!"

"Waliila pamoja na nta. Ndiyo maana mpaka leo mdomo wako haufungiki."

Kicheko cha watu wa barazani nilikuwa nakisikia nikiwa bado mbali, nikirudi kutoka shule.

Baba alipata kiharusi asubuhi moja akiwa karakanani. Walimkuta amekaa chini kwenye maranda, anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine. Alilazwa hospitali ya Kitete majuma matatu, akarudi nyumbani akitembea kwa fimbo. Mdomo ulikuwa umevutika upande mmoja na maneno yalitoka yamekatikakatika. Akili ilikuwepo. Hilo niliambiwa na daktari, na nililiona mwenyewe. Kitu kimoja tu kilinishangaza: kila nilipomwandalia ugali alikula nusu ya sahani, upande wa kushoto, akanawa. Nikidhani hana hamu ya kula, nilikuwa naondoa chakula kilichobaki upande wa kulia bila kusema neno. Ningekuwa na akili ningeizungusha ile sahani.

Useremala ulikuwa umekwisha, hilo hatukulizungumza. Nilitafuta kitu cha kumshughulisha. Nililetewa karata na mwalimu mwenzangu, tukajaribu, lakini mkono mmoja haushiki karata saba. Nikachora drafti kwenye kipande cha mbao na kukusanya vizibo vya soda, vya rangi mbili.

"Huu mchezo wa nini?" aliuliza baba, akivitazama.

"Drafti, baba. Vijana wote wanacheza."

"Wanarukana. Kama panya." Alipumua, akatafuta neno. "Nataka bao."

Nilijua atasema hivyo, na nilikuwa nikiliogopa. Niliwaza watu wa barazani wakimzomea anapotafuta neno, anapodondosha kete kwa mkono wa kushoto usiozoea. Niliwaza ulimi wa fundi saa. Kabla sijamruhusu kwenda, nikatangulia mimi.

Fundi saa alikuwa amebana lenzi yake jichoni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Yule mpagazi anaendeleaje? Amepata likizo ndefu kuliko ya mbunge."

"Anataka kuja kucheza. Nimekuja kukuomba." Nikamweleza. Nilieleza vizuri, kama ninavyoeleza darasani, hatua kwa hatua: kwamba mgonjwa wa kiharusi akishtuka anaweza kupatwa tena, kwamba anahitaji kutiwa moyo, kwamba wamwachie ashinde kidogo, na kwamba, tafadhali, wasimtanie. Angalau kwa sasa. Nikamwomba awaambie na wengine.

Alitoa lenzi. "Nisimtanie?"

"Mpaka apone."

Aliifuta lenzi, halafu akasema, "Wewe ndiye unayemuuguza. Nitafanya unavyotaka." Nikaondoka nimefurahi. Niliona nimefanya kazi nzuri.

Nilikuwa nikimpeleka baba barazani kila siku baada ya alasiri, kisha naingia dukani, nakaa nyuma ya kaunta kati ya saa za ukutani zilizosimama, nasahihisha madaftari huku nikiwaangalia dirishani. Siku ya kwanza baba alishinda. Siku ya pili alishinda. Watu wakasema, "Hongera, mzee," "Safi sana, mzee," kwa sauti za watu walio hospitalini. Fundi saa aliinuka taratibu, akampisha mwenye zamu, na mwenye zamu naye akashindwa. Kwa majuma matano baba hakuinuka kwenye kile kiti. Hakuna aliyemwita mpagazi. Baraza ilikuwa kimya hivi kwamba nilisikia komwe zikianguka mashimoni moja moja.

Nyumbani nilimuuliza, "Umefurahi leo, baba?"

"Nimeshinda," alijibu. Sikutambua kwamba hilo halikuwa jibu la nililouliza.

Wakati huohuo mdogo wangu alirudi kutoka masomoni Ulaya. Miaka ya themanini ndiyo kwanza inaanza, na wanaoikumbuka wanaijua: foleni ya sabuni, foleni ya sukari, dukani rafu tupu zimefutwa vumbi vizuri. Yeye alituletea sabuni, nguo, na mimi kalamu za wino. Kwa ajili ya baba alileta kidude kimoja ambacho hatukuwa tumekiona mjini petu. Leo michezo ya namna hiyo imejaa kwenye simu, wajukuu wangu wanaichezea wakiwa msalani, lakini wakati ule Bara hatukuwa hata na televisheni. Kilikuwa kidogo kama kipande cha sabuni, chenye kioo na vitufe viwili. Ndani ya kioo kulikuwa na kikaragosi cheusi kilichoshika ndoo, na juu yake paa linalovuja mahali patatu. Tone likidondoka unakipeleka kikaragosi kushoto au kulia ulikinge. Ukikosa, kidude kinalia *ti*. Ukikosa mara tatu, mchezo umekwisha, unaanza upya.

"Ni cha watoto," nilimwambia mdogo wangu tukiwa jikoni.

"Huko wanacheza watu wazima na suti zao. Mwache ajaribu."

Baba alikiweka kwenye paja na kubonyeza kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto. *Ti. Ti. Ti.* Kwisha. Akaanza tena. *Ti. Ti. Ti.* Nilikwenda kumpokonya kabla hajakata tamaa, akanizuia kwa kiwiko. Alikuwa anatabasamu, kwa upande mmoja wa mdomo uliokuwa unaweza kutabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu hilo kwenye ushindi wa majuma yote matano.

"Hiki," alisema, "hakinijui."

Alikicheza asubuhi nzima kila siku, mimi nikiwa shuleni. Siku moja nilirudi nikamkuta ameketi mkekani, kidude kimezimwa, mbele yake ametandaza kete katika mstari mmoja.

"Ziko ngapi?" aliniuliza.

"Kumi, baba."

"Mimi naona sita." Akageuza shingo yote kuelekea kulia, taratibu, kama anayetazama nyuma ya mlango. "Sasa naona kumi." Akarudisha shingo. "Sita."

Nilikaa chini. Alinieleza kwa shida, na sikumkatiza. Alisema matone ya kushoto anayakinga. Ya katikati anayakinga. Yanayomshinda ni ya kulia, kila mara, siku zote. Anasikia mlio tu, haoni kilichoanguka. Akaanza kugeuza shingo ndipo akayaona. Kumbe tangu augue, upande wote wa kulia wa dunia ulikuwa haumo machoni mwake, na hakujua, kwa sababu kisichoonekana hakikuachi na pengo. Hukiulizii.

Nilianza kulia kwa sababu ya sahani za ugali. Yeye hakuwa anawaza sahani. Alikuwa anaokota kete, anazitia mfukoni moja moja, na uso wake umekaza.

"Nyumba yangu," alisema, "iko upande gani?"

Nilijua anakokwenda, nikatamani kumzuia, lakini alasiri ilikuwa imefika na alikuwa amekwishashika fimbo.

Siku hiyo nilikaa nyuma ya kaunta bila kufungua daftari hata moja. Baba alicheza kama kawaida, taratibu. Aliijaza nyumba yake, kete kumi na moja, kumi na mbili, akaiacha wazi. Mbele yake, upande wa fundi saa, kulikuwa na shimo lenye kete mbili. Hapo fundi saa alihitaji kutia kete moja tu, na ghala lote la baba ni lake. Mtoto aliyeanza kujifunza jana angekula. Kisha baba akatulia, akaangalia mbele, shingo imenyooka.

Fundi saa alishika kete. Mkono ulikwenda ukapita juu ya shimo lile, ukaenda mbali, kushoto kwa baba, akala kete mbili zisizo na maana.

Baba akageuza shingo. Aliitazama nyumba yake kwa muda mrefu, imejaa, haijaguswa.

"Kwa nini hukula?"

"Sikuiona, bwana."

"Wewe." Baba alitafuta maneno, na hakuna aliyemsaidia. "Wewe unaona skrubu. Ndani ya saa ya mkononi ya mwanamke. Nyumba hii hukuiona?"

Fundi saa aliinamisha kichwa. Watu wa barazani walikuwa wanaangalia barabara.

"Hata kunitania hunitanii," baba aliendelea. "Majuma matano. Nilidhani umeishiwa. Maiti anataniwa, Mzaramo. Ninyi watani mnaruka mpaka ndani ya kaburi kumkejeli. Mimi hata maiti sijafikia?"

Baba akauliza tena, polepole zaidi, "Nani aliwaambia?"

Fundi saa angeweza kunitaja, lakini hakunitaja. Nilitoka dukani nikasimama mbele yao wote. "Ni mimi, baba. Mimi ndiye niliyewaomba."

Alinitazama. Ilimbidi ageuze shingo ili anione, maana nilikuwa nimesimama kulia kwake. "Mwalimu," alisema, hakusema mwanangu, "shuleni unawapa watoto vema kwa kuwaonea huruma?"

Kisha akakaa vilevile kwenye kiti chake. Hakuinuka. Nilipomshika mkono akautoa. Nilichelewa kuelewa: anayeinuka ni aliyeshindwa, na yeye hakuwa ameshindwa, wala kushinda hakuwa ameshinda. Hakukuwa na njia halali ya yeye kuondoka pale. Watu wakaaga mmoja mmoja, kwa sauti za chini. Fundi saa alifunga duka lake bila kelele. Tulibaki sisi wawili na bao mpaka adhana ilipomwita, ndipo akainuka kwa ajili ya sala, na njia nzima alitembea mbele yangu kwa fimbo yake.

Hakurudi barazani. Nyumbani alikuwa mpole kwangu. Alijibu shikamoo yangu, alikula chakula chote sasa, akiizungusha sahani mwenyewe. Lakini hakunizungumzisha zaidi ya hapo. Saa zake zote alimpa yule wa kwenye kioo. Nilikuwa nasikia mlio wa *ti* tangu asubuhi, na nilikuwa naufurahia, nilidhani atajifunza hapo, shingo itazoea, moyo utapoa.

Halafu kikaragosi kikaanza kufifia. Kwanza ndoo haikuonekana vizuri, kisha paa, kisha matone ya pande zote yakawa kama vivuli vya matone. Betri zake zilikuwa ndogo kama vifungo vya shati. Mdogo wangu alikuwa amepangiwa kazi mkoa mwingine, amekwishaondoka. Nilikwenda kila duka la mjini na kidude mkononi, wauzaji wakakigeuzageuza wakanirudishia. Hata betri za kurunzi hazikuwepo, sembuse hizo. Fundi saa alisikia. Alituma mtu na betri mbili kwenye karatasi, alizozitoa sijui kwenye saa ya nani, lakini zilikuwa nyembamba mno. Zilicheza ndani ya tundu lake.

"Mwambie asijisumbue," baba alisema. Akakifunga kidude kwenye leso akakiweka juu ya kabati. Siku zilizofuata alikaa kitini akiangalia ua, mikono mapajani. Nilikaa mbele yake na bao dogo la kuazima, nikamwomba anifundishe. Aliangalia kete, akanitazama mimi.

"Wewe utaniachia," alisema.

Nilikataa. Nikaapa. Alitikisa kichwa, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliniamini kwa chakula, kwa dawa, kwa kumwogesha. Kwa mchezo hakuniamini, na alikuwa na haki. Mkono wangu ungepita juu ya nyumba yake kama ulivyopita wa fundi saa. Naujua mkono wangu.

Nilirudi dukani. Nilimkuta fundi saa peke yake. Bao lilikuwa nje, limefunikwa gunia, na mvua haikuwepo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba."

"Nimekuja kukuomba tena."

"Safari ile uliniomba nifunge mdomo," alisema bila kuinua macho. "Unajua nilikuwa narudi nyumbani taya linaniuma? Mke wangu alidhani jino. Mtu ameketi mbele yangu, mdomo umekaa upande, anashika kete kama kuku anayedonoa, na nina maneno hapa," alijigusa koo, "maneno mazuri kabisa, nayameza. Majuma matano."

"Ninajua nilikosea."

"Hujui. Nilikuwa namzika." Akaweka koleo lake mezani. "Sasa unataka nini?"

"Umtanie. Umle."

"Mwanangu, yule hawezi kucheza tena. Nikicheza kweli ni hatua nne, tano. Unataka niende nikamchinje mbele za watu?"

"Ndiyo."

"Na akilia?"

"Atalia, baba mdogo. Ila usimwachie."

Hakusema atakuja au hatakuja. Lakini kesho yake, baada ya alasiri, nilisikia fimbo ikigonga mlango wetu wa mbele na sauti iliyojaa mtaa mzima.

"Hodi! Kuna mpagazi humu ndani amekimbia msafara! Amejificha chini ya kitanda na mzigo wa watu!"

Baba alikuwa kitini. Hakugeuka. Nilidhani yule mzee nje ataondoka.

"Nani huyo," baba alisema mwishowe, neno moja moja, "analeta harufu ya samaki wa ng'onda wa pwani nyumbani kwangu?"

Akanyoosha mkono wa kushoto kutafuta fimbo.

Sikukaa dukani siku hiyo. Nilisimama mlangoni pa baraza, wazi, mwanamke peke yangu kati ya wanaume, na hakuna aliyeniondoa. Gunia lilikuwa limetolewa. Baba aliketi palepale alipokuwa ameketi siku ile, na fundi saa akapanga kete za pande zote mbili, maana kwa mkono mmoja wa baba ingechukua muda.

"Anza, mzee wa nusu uso. Na huo upande mzuri utuelekezee sisi, tusipoteze hamu ya chakula."

Mtu mmoja alivuta pumzi. Baba akacheka. Kicheko chake kilikuwa kimeharibika, kilitoka kama kukohoa, lakini kilikuwa kicheko.

"Nusu yangu," alisema, "inawatosha Wazaramo wote."

Aligeuza shingo kila zamu. Kulia, kushoto, tena kulia, na kila alipofika kulia alikuwa amekwishasahau kilichoko kushoto. Alihesabu kwa midomo, yeye, mtu aliyekuwa hahesabu. Fundi saa hakumngoja. "Tunazeeka hapa! Shingo hiyo ipakwe mafuta, inalia kama mlango wa boma!" Na watu sasa walikuwa wamefunguka, wanacheka, wanamzomea, "Mzee, usilale! Mzee, iko huko, hapana, huko!" Zamu ya nne fundi saa alitia kete moja mbele ya nyumba ya baba, akaizoa yote. Mikono yake haikusita. Macho yake yalikuwa yamejaa maji na mdomo wake unaendelea kutukana, na sijawahi kuona tena mtu akifanya kazi ngumu namna hiyo.

Zamu mbili baadaye safu ya mbele ya baba ilikuwa tupu. Aliitazama. Akageuza shingo hadi mwisho, kuhakikisha hakuna kete iliyojificha upande ule. Hakukuwa na kitu. Kelele zilipungua zenyewe.

Baba akaweka mkono wa kushoto juu ya goti, akaegemea fimbo, akainuka. Ilichukua muda mrefu. Mguu wa kulia uliteleza mara moja na nikapiga hatua mbele, na fundi saa akanitupia jicho mara moja tu, nikasimama. Hakuna aliyenyoosha mkono. Alisimama wima, akasogea pembeni, na mwenye zamu akaketi mahali pake.

Hakuketi tena mbele ya bao. Alikuwa anakuja barazani na kukaa kwenye benchi la watazamaji, anawatukana wachezaji kwa maneno yake machache. Aliishi miezi saba. Mvua za mwaka ule zilipoanza tulimzika, na fundi saa alifanya msibani yote ambayo mtani hufanya. Sikuwahi kujua kama baba alinisamehe. Siku nyingine nadhani alikuwa amesahau, siku nyingine nadhani hapana.

Lakini siku ile ya mchezo wa mwisho, tuliporudi, tulipofika penye mtaro karibu na msikiti alisimama, akanipa mkono wake. Mkono wa kulia, ule uliolala. Tangu atoke Kitete hakuwa amewahi kuniegemea barabarani. Nikaushika, akaniachia uzito wake wote, na alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea.

"Mzaramo," alisema tulipovuka. "Upande ule. Amekula ngapi?"

Nilifungua mdomo kusema chache. Nilisikia neno lenyewe likija.

"Zote, baba."

"Zote?"

"Zote. Hakuacha hata moja."

Alitikisa kichwa, akaendelea kutembea, hatua yake moja, fimbo, hatua yangu moja, na hakuuliza kitu kingine mpaka nyumbani.